Tuzunguke Tanga, Tuwataje Wetu

Maneno niliyoyasema mbele ya majirani na vijana wa Ngamiani, tukiwa tumekaa kwenye nyasi za Bustani ya Jamhuri, asubuhi tuliyozunguka mji kwa baiskeli.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na wanangu, habari za asubuhi.

Poleni na jua, na asanteni kwa kunisubiri. Tumetoka Ngamiani saa kumi na mbili na nusu. Kijana akikanyaga sawasawa, kutoka kwetu mpaka Raskazone hata nusu saa haifiki. Sisi, kwenda na kurudi mpaka hapa tulipokaa, tumetumia saa tatu na zaidi. Nimewaona baadhi yenu mkitazamana: Mwalimu mbona kila kona anashuka, anapiga kengele mara moja, anataja jina, anatulia kidogo, kisha anapanda tena? Mmeniomba nieleze. Nitaeleza. Majina yenyewe tumeyataja kule kule njiani, kila moja mahali pake, kwa hiyo hapa sitayarudia.

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Wenye umri wangu mnamkumbuka chini ya mti wa mkungu, Barabara ya Kumi na Nne, kiti chake cha kamba, karai lake la maji, na sanduku la chuma lenye spoku, njugu za magurudumu na vali za kila aina. Mji wetu ni wa baiskeli, na mgeni akishuka stendi ya Kange hilo ndilo la kwanza atakalokwenda kulisimulia kwao: kwamba Tanga amewaona akina mama wamevaa mabuibui, mtoto yuko nyuma, kikapu kiko mbele, nao wanakanyaga hawana wasiwasi. Ardhi yetu ni tambarare. Barabara za Ngamiani zimenyooka kama zilizopigwa rula, nazo zimehesabiwa tu: ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka kuipita ya Ishirini. Mtoto wa Ngamiani anajifunza kuhesabu kwa kutumwa dukani.

Baba namwona mpaka leo. Anavua tairi upande mmoja, anaitoa tyubu, anaitia upepo kidogo, anaizamisha kwenye karai sehemu baada ya sehemu, sikio lake karibu na maji. Vipovu vikitoka anabana kidole hapo hapo. Anafuta kwa kitambaa, anakwaruza kwa msasa, anapaka gundi. Kisha anasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo wanafunzi wake walipokuwa wakishindwa, maana gundi ya kiraka haitaki pupa. Ukibandika ikiwa mbichi, kiraka kinateleza, na kabla mwenye baiskeli hajafika Chuda tairi limekwisha lala. Muda ule wa kusubiri gundi baba aliutumia kumwuliza mtu habari za nyumbani. Mama anaendeleaje? Yule mtoto amerudi shule? Ndiyo maana Ngamiani nzima hapakuwa na mgonjwa asiyemjua. Akimaliza analowesha kidole kwa mate, anapaka juu ya vali, anainama kutazama kama kuna povu. Kama hakuna, anamkabidhi mtu baiskeli yake kwa mikono miwili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, tyubu mpya ilikuwa adimu kama sukari na sabuni. Baba alikata viraka kutoka tyubu za malori zilizokufa. Niliwahi kuhesabu viraka kumi na saba kwenye tyubu moja, na ile baiskeli bado ilikuwa inambeba mkunga kwenda kuzalisha watu usiku. Timu yetu ya Coastal Union ilipochukua ubingwa wa ligi ya soka mwaka 1988, baba alifungua sanduku lake na kuwafungia watu kengele bure siku nzima. Jioni mashabiki wake, Wagosi wa Kaya, wakapita barabarani wote wanapiga kengele, Ngamiani hakusikiki kitu kingine.

Baba alifariki mwaka 2003. Tulimzika Msambweni, tukasoma hitima, arobaini ikapita, watu wakarudi makwao. Kila niliposema nimemkumbuka baba, niliambiwa: nenda kaburini. Nilikwenda, na mpaka leo nakwenda. Kaburini namwombea. Lakini kusema kweli, kaburini simwoni. Baba hakuishi Msambweni hata siku moja. Aliishi chini ya mkungu wa Barabara ya Kumi na Nne, na kila siku nilikuwa napita pale nikienda shuleni kufundisha, nimeinamisha kichwa, kwa sababu pamekuwa wazi na sitaki kupaona.

Siku moja nikapita, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kengele. Nikapiga mara moja, kama nilivyokuwa nikifanya akiwa hai, naye huinua bisibisi kuniitikia. Nikalitaja jina lake kwa sauti. Nikasoma Fatiha juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Nilipopanda tena nilikuwa nalia, lakini kichwa nilikuwa nimekiinua. Tangu siku ile nafanya hivyo, na orodha imekuwa ndefu, kama mlivyoona leo.

Sasa twende pamoja, njia ile ile tuliyoipita.

Kabla ya kuvuka reli kwenda mjini, tulisimama. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga kutoka hapa Tanga mwaka 1893. Ilifika Mombo 1905, ikafika Moshi 1911. Wengi wetu tunaijua kwa makelele ya mabehewa. Mimi naijua kwa babu yangu mzaa mama, aliyekuja kwa njia hii kutoka upande wa Kigoma kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Wenzake waliitwa manamba. Neno hili tunalitumia kwa wepesi, lakini tulitazame vizuri: mtu alitoka kwao ana jina la baba yake na la babu yake, akafika shambani akapewa namba. Alikuwa na kipande, yaani kadi ya siku thelathini, na kila siku aliyotimiza kazi yake ilitiwa alama. Asipotimiza, siku hiyo haihesabiki. Miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, na tunajivunia. Tujivunie pamoja na wao waliochanwa mikono na miiba ile. Babu alibahatika, alioa huku, akazaa, akapata watu wa kumzika. Aliniambia walikuwako vijana waliokufa kambini na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Walizikwa pembeni ya shamba. Babu alikuwa anawakumbuka sita kwa majina, na mimi alinikaririsha wanne kabla uzee haujamchukulia wawili waliobaki. Wale wanne ndio niliowataja pale relini. Sijui sura zao. Kengele nimewapigia.

Mnara wa saa na Boma la zamani tumepita haraka, jua lilikuwa linapanda. Nilitaka tufike hapa hapa bustanini tusimame tukiwa wima, tutazame bandari. Mnakiona kisiwa kile? Toten. Wengi tumekua tukikiita hivyo bila kuuliza. Ni neno la Kijerumani, maana yake wafu. Wageni walifika wakakuta misikiti iliyobomoka na makaburi ya watu wa zamani, wakakiita Kisiwa cha Wafu. Bibi yangu alikuwa anatukataza kukinyooshea kidole. Alisema: mle mna watu. Maneno yake yamenikaa. Wale waliojenga misikiti ile kwa mawe ya matumbawe walikuwa na wake, na watoto, na mwadhini mwenye sauti nzuri kupita wenzake. Hakuna tunayemjua hata mmoja.

Na vita je? Kila mtoto wa Tanga anasimuliwa vita vya mwezi wa Novemba 1914. Waingereza walishuka Raskazone na watu kama elfu nane, wengi wao askari kutoka India; Wajerumani na askari wao wa Kiafrika walikuwa kama elfu moja tu, na bado Waingereza walirudi melini wameshindwa. Tunapenda kusimulia habari za nyuki waliowatimua watu. Nami nilikuwa nawasimulia darasani, watoto wanacheka. Siku moja mwanafunzi wa darasa la tano akaniuliza: Mwalimu, wale Waafrika waliokufa pale waliitwa nani? Nilisimama na chaki mkononi. Majina ya makamanda nilikuwa nayo yote. La askari au la mpagazi hata mmoja sikuwa nalo. Kuna wazee wenu, katika nyumba zenu, ambao babu zao walikuwamo. Kawaulizeni. Mkipata hata jina moja, nileteeni, tutajua pa kulitajia.

Nisimame kidogo hapa kwenye jambo la jina, maana ndilo lililonileta. Mzee wetu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, kusini mwa mji huu, mwaka 1909, alifiwa na mkewe, Amina. Akamlilia kwa beti. Na neno la kwanza kabisa aliloliandika ni jina lake. Hakuanza na "marehemu", wala "mke wangu". Alimwita kwa jina, kama anayemwamsha. Sisi siku hizi mtu akifa leo, kesho jina lake tumelifungia kabatini: amekuwa "marehemu", amekuwa "mwenda zake", amekuwa "yule". Tunaogopa kuwaliza wafiwa. Mimi ni mfiwa. Nawaambia, mtu akilitaja jina la mume wangu mbele yangu, nalia, na bado nataka alitaje tena.

Sasa Barabara ya Hospitali. Mliniona nilipokaa muda mrefu pale njia inapokwenda Bombo, bahari ikianza kuonekana kati ya miti. Wengine mlidhani nimechoka.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Mimi nimezaliwa 1961, yeye 1968. Barabara ile ndipo nilipomfundisha baiskeli, alfajiri ya Jumapili, wakati hakuna magari. Kabla hajajua, alikuwa anakaa nyuma kwenye karia, amenikumbatia kiuno kwa mikono yote miwili, shavu lake limebanwa mgongoni mwangu, anaimba. Alikuwa anaimba taarabu za Black Star na Lucky Star alizokuwa akizisikia kwa mama jikoni, maneno mengine hayajui, anayajaza kwa ya kwake. Nilikuwa nausikia wimbo kupitia mgongoni kabla haujafika masikioni. Mpaka leo nikiikanyaga baiskeli barabara ile, mahali pale mgongoni panapata joto. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Mdogo wangu alifariki mwaka 1996, kwa ukimwi. Nimesema. Ndugu zangu mlioko hapa mnajua kwamba hii ni mara ya kwanza nalisema hili mbele za watu. Wakati ule tulisema malaria. Tulisema kifua. Tulisema ametupiwa kitu. Dawa hazikuwako kama leo, na aibu ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Jirani akiuliza, tunabadilisha mazungumzo. Ili tusiutaje ugonjwa, tukaanza kuacha kumtaja na yeye. Picha zake zikatolewa ukutani, eti mama asizione. Wanangu wakakua hawajui kwamba walikuwa na mama mdogo aliyekuwa akiimba. Tulificha jina la ugonjwa, tukaja kushtuka tumemficha mtoto wetu. Mama alikufa mwaka 2001, na siku zake za mwisho alikuwa anamwita mdogo wangu kwa jina, usiku kucha, kwa sauti kubwa, kama anayelipa deni la miaka mitano.

Hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote maishani mwangu. Ninyi mlio na mtu wa namna hiyo nyumbani kwenu, na najua mko, maana miaka ile hakuna mtaa uliosalimika, mchukueni huyo mtu kutoka mlikomficha. Alikuwa anapenda nini? Alikuwa anakaa baraza ipi? Mpelekeeni kengele hapo.

Leo asubuhi binti mmoja, simtaji kwa kuwa hakunipa ruhusa, aliniomba tusimame Makorora. Alitaja jina la baba yake. Akasema ni mara ya kwanza tangu akiwa na miaka sita. Tulisimama wote, waendesha bodaboda nao wakazima pikipiki zao. Nawashukuru wale vijana. Hakuna aliyewaambia.

Raskazone sitasema mengi, kwa sababu pale ni pa mume wangu na sote tulikuwako. Niwaambie tu kazi yake, kwa ajili ya watoto. Alikuwa mpakuzi bandarini. Miaka hiyo meli kubwa hazikuwa zinafika gatini, kina kilikuwa kidogo. Zilitia nanga mbali majini, na mzigo ukaenda na kurudi kwa matishari. Mume wangu alikuwa anapanda tishari na robota za katani, kusi likivuma na bahari imechafuka, halafu mzigo unainuliwa melini. Alirudi nyumbani nyuzi za katani zimemnasa kwenye nywele, kwenye soksi, mpaka kwenye uji wake. Jioni ya Jumamosi tulikuwa tunakwenda Raskazone kwa baiskeli mbili, ananionyesha: meli ile tumeipakia jana, ile kesho. Yeye alikuwa African Sports damudamu, na baba yangu Coastal. Siku ya mechi pale Mkwakwani nilikuwa napika chakula cha watu wawili wasiosemezana.

Alifariki 2017. Miaka michache baadaye bandari ikachimbwa, kina kikaongezwa, na sasa meli zinafunga gatini. Ni jambo jema, nalifurahia kwa ajili ya mji. Lakini tazameni maji yale kati ya hapa na Toten. Yote yale alikuwa akiyapita kila siku, na leo hakuna tishari la kumwonyesha mjukuu wangu. Bila mtu kusimama na kusimulia, mjukuu anaona maji tu. Basi pale Raskazone nilimshika mkono nikamwonyesha kwa kidole: babu yako alikuwa anatokea kule, anakwenda kule. Akaniuliza: na nani? Nikamtajia wenzake wa zamu moja, wanane. Mzee mmoja aliyekuja nasi leo ni wa tisa, na ndiye pekee aliyebaki. Alivua kofia. Mliona.

Kuna ndugu aliniuliza njiani, kwa heshima kabisa, kama jambo hili lina sura katika dini. Mimi si mwanachuoni. Kilichopo ni dua, kila mtu kwa dini yake. Tulisoma Fatiha, na wenzetu Wakristo walisali sala yao, hakuna aliyemwingilia mwenzake. Kengele ni kengele tu, kama mtu anavyobisha hodi.

Nimalizie kwa mambo ya safari. Nimekubaliana na wazee kwamba tutakuwa tunatoka kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili na nusu, kutoka chini ya mkungu wa Barabara ya Kumi na Nne. Pale sasa anakaa kijana anayeziba pancha za bodaboda. Anatumia karai, kama baba. Amesema atakuwa anafungua mapema siku hiyo, atazame breki na cheni zenu kabla hatujaondoka. Kila mmoja aje na jina moja na mahali pake, na akiweza aje na mzee anayemjua huyo mtu kuliko yeye. Mzee asiyeweza kukanyaga tutampakia. Mwezi ujao tutaelekea upande wa pili, Mabawa mpaka Mwanzange, halafu tutarudi kwa Msambweni.

Asiye na baiskeli asibaki nyumbani. Karia yangu iko wazi, na ni imara, aliifunga baba. Ukikaa, shika kiuno. Na kama unajua kuimba, imba.

Asanteni.